Kadi Isiyoshiba

Wan Shukri alilala kabla chai yake haijapoa, na hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza la ajabu. Mkewe alikuwa amempigia simu wifi yake Zaharah mara nyingi akilalamika kwamba tangu baba yao azikwe, Shukri hapati usingizi, anazungukazunguka sebuleni mpaka alfajiri, amekonda hata suruali zinamvuka. Sasa alikuwa hapa Pasir Mas, mji mdogo wa Malaysia, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao, ambacho Zaharah alikigeuza karakana ya kompyuta, anakoroma kwenye kiti cha plastiki kama mtoto aliyeshiba ziwa.

Alikuwa ameleta kompyuta yake.

"Ina nini, kaka?" Zaharah alimuuliza alipoingia nayo.

"Pawasaplai haiiwezi kadi. Nikifungua gemu tu, inazima."

"Iache hapo, nitaitazama."

"Umeipokea?"

"Si nimekwambia iache."

"Sema kwa mdomo wako, Zah. Sema umepokea."

"Haya, nimepokea. Unataka nikupigie na muhuri?"

Shukri hakucheka. Alishusha pumzi ndefu, akakaa, akalala. Mama yao, Mek Selamah, alikuwa sokoni kwenye meza yake ya samaki wakavu; laiti angekuwepo, angemziba Zaharah mdomo kwa kiganja. Lakini hakuwepo, na alasiri Shukri aliamka, akala sahani mbili za wali, akaondoka kurudi Kuala Lumpur huku akipiga mluzi.

Zaharah alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hii zilitoka. Mumewe, Azmin, alikuwa baharini kwenye visima vya mafuta, na yeye alibaki akiilinda mimba kwa kusikiliza mateke. Kila alipoketi kwenye meza ya kazi mtoto alimpiga chini ya mbavu, naye akamjibu kwa kugonga tumbo taratibu na mpini wa bisibisi. Alichomwomba Mungu kilikuwa kimoja tu, huyu azaliwe akilia.

Ugonjwa wa kompyuta ulionekana mwepesi. Pawasaplai ni kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, na kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, ndiyo mlafi wa nyumba. Wanaume wananunua kadi ya kujivunia, wanabakiza pawasaplai ya bei ya chee, halafu wanashangaa. Zaharah aliichomoa kadi, na mashine ikawaka kutwa nzima bila neno. Akairudisha, akafungua gemu. Tak, ikazima. Akabadilisha waya zinazoilisha. Tak. Akafunga pawasaplai yake mwenyewe, kubwa, aliyoiamini kuliko baadhi ya ndugu zake. Tak.

Feni tu haikusimama mara moja. Mashine ikishakufa feni iliendelea kuzunguka polepole, ikivuta hewa na kuitoa, na ndani ya ile hewa mlikuwa na harufu ya bisi za mpunga zilizoungua kidogo.

Akachukua mita ya kupimia umeme. Volti kumi na mbili zilitakiwa zitulie hapo. Gemu ilipofunguka zikashuka kumi na moja, kumi, tisa. Sawa, alijiambia, mlafi anakula. Akaichomoa kadi, akailaza mezani juu ya kitambaa, haikuunganishwa na chochote, akapima tena. Zikashuka vilevile. Ndipo alipogundua kwamba mtoto hajampiga teke tangu asubuhi.

Aligonga tumbo kwa mpini. Kimya. Akalala ubavu, akanywa maji ya sukari, akamwita kwa jina ambalo hakuwa amemwambia hata Azmin. Mwishowe mtoto akajisogeza kwa uvivu, kama mtu anayesukuma blanketi zito.

Asingeigusa tena ile mashine kama angesikiliza mwili wake. Lakini fundi ni fundi, kazi isiyokamilika humwasha. Magharibi ikikaribia alirudisha kadi, akafungua gemu, na safari hii haikuzima. Picha zilitiririka laini, kadi ilikula ilivyotaka, na Zaharah alitabasamu, kisha akalazimika kushika ukingo wa meza, akainama kuzima swichi ya ukutani akakuta plagi iko sakafuni, aliichomoa mwenyewe kabla ya kurudisha kadi na hakuichomeka tena, na bado skrini inawaka na feni inavuta na kutoa, inavuta na kutoa, harufu ya bisi imejaa chumba, na kila feni ilipovuta alihisi kitu kinamtoka chini ya kitovu, kidogokidogo, bila maumivu, na tumboni mwake mlikuwa na utulivu kama wa nyumba iliyohamwa.

Hivyo ndivyo mama yake alivyomkuta.

"Izime," Mek Selamah alinong'ona mlangoni.

"Haina umeme, mama."

Mwanamke yule alinusa hewa, akaangusha kikapu chake cha sokoni. "Hiyo harufu ni ya baba yenu."

Akamsimulia huku akimvuta nje kwa kwapa. Miaka arobaini baba yao alifuga jini la ukoo, akilitilia bisi na yai nyuma ya nyumba, na yeye, mkewe, ndiye aliyekaanga. Mwenye jini la namna hiyo hafi mpaka mtu wa damu yake au wa nyumba yake alipokee. "Alihangaika kitandani siku nyingi. Nikatoka kuchota maji, niliporudi amekata roho. Shukri alikuwa peke yake naye."

Zaharah alikumbuka kaka yake alivyong'ang'ania neno moja, akaelewa kwa nini alilala. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kiliondoka kikipiga mluzi.

Walimwita Haji Lazim, mzee anayesomea watu. Alisoma aya, akatemea maji, akainyunyizia mashine. Ilinguruma kwa feni yake, isizime. Haji akainamisha sikio juu yake, akatulia, kisha akakunja uso.

"Haondoki. Anasema hakuvamia, alikabidhiwa na akapokelewa. Mimi nitaweza kumtenga na mwanangu huyu akipata pa kwenda. Arudi kwa aliyemleta, au achukuliwe na mwingine wa nyumba hii."

Zaharah alipiga simu, mkono mmoja tumboni.

"Kaka, sema umempokea."

Shukri hakujifanya haelewi. "Zah, mimi nina watoto watatu."

"Na mimi?"

"Wako hajazaliwa bado."

Mek Selamah alimnyang'anya simu binti yake, akaikata. Akaketi mkekani, akaweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta.

"Nipe mimi."

"Mama, hapana."

"Nimempikia ujana wangu wote. Ananijua. Mtoto amepiga teke?"

Zaharah alitikisa kichwa, hapana.

"Basi usinichoshe. Sema."

"Nakupa, mama," alisema Zaharah.

"Nimepokea."

Haji akasoma kwa nguvu, feni ikasimama, na teke likaja chini ya mbavu, kali, la mtoto mwenye hasira. Zaharah alilia. Alilia kwa furaha, na akaichukia furaha ile, kwa kuwa bei yake ilikuwa mama yake.

Mtoto alizaliwa akilia, msichana. Shukri alikuja na keki kumwona, amenona, na kuchukua kompyuta yake. Ilibeba kadi bila taabu, kwa pawasaplai ileile ya chee. Mek Selamah alikuwa amebaki mifupa. Alisimama jikoni akitafuna bisi za mpunga moja kwa moja kutoka kwenye chungu, na mwanawe alipoinama kumbusu mkono, akauficha nyuma.

"Siku yangu ya kufa usije, Shukri."

"Mama, usiseme hivyo."

"Sikulaani. Nitauliza nani ananipokea, na anayeuliza sitakuwa mimi."

"Sawa, mama," alisema Shukri, haraka mno, akalibeba sanduku lake mpaka kwenye gari. Zaharah alimsikia akiwasha injini. Alijua kaka yake atalitii agizo lile kuliko yote aliyopata kuagizwa, na kwamba siku hiyo kando ya kitanda atakuwepo yeye mwenyewe, na mtoto huyu aliyempakata.

Mama yake alijipangusa midomo. Hakuwa akimtazama Zaharah. Alikuwa akimtazama mtoto, kwa upole, na taa ya jikoni ilififia kidogo juu ya kichwa chake.

"Nipe nimpakate," alisema.

Zaharah alirudi nyuma, akimkimbia mama yake mzazi, mpaka mgongo ukagusa ukuta.