Mtakatifu wa Kidole Mdomoni

Jumapili hiyo jumba la makumbusho la Houston lilifurika watu, na Kagendo, muuguzi wa Kimeru aliyevaa gauni la kijani la kanisani, hakuwa na wa kumwambia hata "tazama hiki." Akafika kwa Mtakatifu Yohane Nepomuki, sanamu ya mawe iliyochongwa Ulaya zamani, joho limepeperuka, kidole mdomoni. Akamshika mguu na kufanya ishara ya msalaba, kama kanisani kwao.

Mlinzi akamkataza kwa Kiingereza.

"Mtakatifu gani haguswi?" Kagendo alinong'ona kwa Kiswahili.

"Huyu, dada. Ndiye ninayelipwa kumlinda," akajibu mlinzi, naye kwa Kiswahili, lafudhi ya Bukoba.

Basi, kwisha kazi. Wakapeana namba; Kagendo akarudi kwake Lewisville, mji wa mbali kwa basi, Gelasius mlinzi akabaki Gulfton, mtaa wa Houston, mapenzi yakahamia kwenye simu. Akitoka zamu tu, Gelasius huyo, anamwita mpenzi, anamtania kwamba kuponda ndizi kama wafanyavyo Wameru ni kuzionea. Mwanamke aliyezoea kuzungumza na televisheni akaanza kuimba jikoni.

Kisha simu ikanyamaza. Wiki zikapita. Kagendo hakupiga, mwanamke ana heshima yake bwana! Alikula amesimama, akalala simu iko chini ya mto. Upweke ulipomshinda, akapanda basi la Houston, akamkuta Gelasius kando ya mtakatifu wake, suti imempwaya.

"Huyu alinyamaza kulinda siri ya maungamo, wakamtosa mtoni," alisema Kagendo. "Wewe umenyamazia nini?"

Gelasius akababaika. Kumbe alimtuma mjomba wake Meru kupeleka posa. Babu yake alimfundisha kwamba posa ikishaenda, mwanamume hamsumbui binti mpaka jibu lije, ndiyo adabu. Adabu gani hiyo, na mwenye kuchumbiwa hana habari?

"Na jibu?"

"Limekuja juzi. Baba yako amesema binti yake anajitegemea, aulizwe mwenyewe. Nilikuwa naomba ruhusa kazini nije kwako. Utakubali nikuoe?"

Kagendo alilia, kwa hasira na kwa furaha.

"Nimekubali. Lakini hayo ya babu yako yaishe leo. Mimi sina mtu huku, Gelasius. Hata ukikosa la kusema, piga tu, nisikie unavyopumua."

Basi la jioni halijatoka mjini, simu ikalia. Gelasius hakuwa na la kusema, na Kagendo akaishika sikioni hadi Lewisville.