Kisanduku Cheupe cha Maabara

Kila Jumamosi, Wardah alishinda katika maabara ya utafiti huko Kisauni alikofanya kazi mama yake, Bi Mishi. Alimaliza kazi za shule huku Bi Nyamvula, mfagizi, akipiga deki. Mama alikwisha kumweleza kuwa ini la binadamu lina kimeng'enya cha kuondoa sumu mwilini, nacho walikitafuta kwa dawa ya vipimo iitwayo kingamwili. Dawa hiyo hukaa kwenye friza. Ikiyeyuka haigandishwi tena, kwani huwa imeharibika hata kama haionekani.

Jumamosi moja Wardah alikuja na pakiti za maji ya ukwaju ili apate barafu za kula na wenzake wa madrasa. Mama alikuwa mkutanoni, na friza ilikuwa imejaa. Akatoa kisanduku kimoja cheupe cha vichupa vya kingamwili ili pakiti zake zipate nafasi, akakiacha mezani tangu asubuhi hadi alasiri. Alipokirudisha, vichupa vyake vilikuwa majimaji. Vikaganda upya, naye akafyata ulimi.

Wiki iliyofuata vipimo vyote vilitoka bure, na sampuli za wagonjwa sitini zikaisha. Daktari Erastus, mkuu wa maabara, aligundua kuwa dawa ya kisanduku kile iliwahi kuyeyuka, lakini hakuchunguza sana. Bi Nyamvula ndiye aliyesafisha friza, basi Jumamosi, Wardah akiwapo, akamsimamisha mbele ya wafanyakazi wote na kumwita mjinga. Bi Mishi, rafiki yake wa miaka tisa, akaongeza kuwa asiyesoma hakabidhiwi vitu vya wasomi.

Bi Nyamvula akamgeukia Wardah. "Mwanangu, wewe hushinda nami hapa. Umewahi kuniona nikigusa kile kisanduku?"

"Sikumbuki," akajibu Wardah. Alikumbuka vizuri sana.

Bi Nyamvula alifutwa kazi palepale. Mlangoni walimpekua mkoba, wakakuta leso na kipande cha muhogo.

Siku kumi baadaye, wakila chakula cha jioni, mama alisema amemwona Bi Nyamvula kando ya barabara akiponda kokoto. Alisema hayo akicheka. Wardah alirudisha tonge sahanini. Aliona aibu, akalia, akasema yote. Mama hakumpiga. Aliusukuma mbali wali wake.

Asubuhi Wardah alikiri mbele ya wafanyakazi wote. Daktari Erastus akaomba radhi kwa maneno mafupi, na Bi Nyamvula akaitwa kazini. Alifika amefunga matambara vidoleni. Wardah akamwomba msamaha.

"Kisanduku ulikitoa kwa utoto, na utoto husamehewa," Bi Nyamvula alisema. "Lakini nilikuuliza mbele ya watu, nawe ulijua. Kosa ukilificha, mwanangu, hutafuta mtu wa kulibeba, na aghalabu humpata mnyonge. Usirudie."

Bi Mishi naye akamnyooshea mkono. Bi Nyamvula aliutazama, akachukua ndoo, akaenda kupiga deki.