Majaji Wasio na Ndugu

Kila asubuhi kabla ya shule, Ottilia alikuwa ufukweni Lituhi na mama yake, wakianika usipa. Waliwatandaza wale samaki wadogo juu ya kichanja, na kichanja kikijaa, mama aliwamwaga waliobaki mchangani. Ottilia hakupenda kuwaona pale chini, ila kichanja chenyewe kilikuwa kifupi na wavu wake ulikuwa umetoboka kila upande. Baada ya hapo alinawa mikono, akavaa sare na kukimbilia darasa la sita.

Mwaka huu klabu ya afya ya shule iliamua kutoa tuzo kwa mama atakayeanika usipa safi kuliko wote. Mwalimu Aurelia, mlezi wa klabu, alimteua Ottilia kuwa katibu. Siku ya mashindano angeandika namba kwenye sahani za usipa badala ya majina, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta majaji watatu.

"Jaji asiwe na ndugu anayeshindana," mwalimu alisema. "Kila utakayemwomba, mpe fomu ajibu swali hilo kwa maandishi."

Mwalimu Aurelia alikuwa mgeni kutoka Songea. Angekuwa mwenyeji, angejua ameomba jambo gani! Akina mama kumi na wanne walikuwa wamejiandikisha, na kijiji kizima kilikuwa na ndugu kati yao. Muuguzi wa zahanati alikuwa na binamu humo. Katekista alikuwa na mama mkwe. Fundi wa mitumbwi alicheka mpaka akaweka chini tezo yake ya kuchongea. "Nina mke, dada watatu na shemeji wawili," alisema. "Mwanangu, ungeniuliza ni nani asiye ndugu yangu, ningejibu haraka."

Jioni ya siku ya tatu, Ottilia akiwa barazani nyumbani kwao na fomu zake tupu, alifika baba yake mdogo, Wendelin. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nyavu, na ndiye aliyeahidi kutoa tuzo yenyewe, bunda zima la wavu mpya wa kuanikia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nasikia unahangaika. Andika jina langu, mwenyekiti wa majaji. Wengine wawili nitawaleta mwenyewe."

"Baba mdogo, fomu inauliza kama una ndugu anayeshindana. Na mama mdogo Notburga, wa nyumbani kwako, amejiandikisha."

"Fomu! Umezaliwa na fomu wewe?"

"Hapana, baba mdogo. Lakini siwezi kuliandika."

Mama yake aliacha kuchambua mboga. Mtoto wa miaka kumi na miwili kumkatalia baba yake mdogo barazani! Wendelin alisimama, uso umemvimba.

"Basi wavu wangu unabaki dukani. Na kabla hujanifundisha haki, nijibu hili. Namba za sahani anaziandika nani? Si wewe? Na mama yako si anashindana?"

Aliondoka bila kuaga. Siku tatu Ottilia alikuwa akiwapima watu wote kwa swali lile, na hakuwahi kujiuliza mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kamwombe radhi," mama alisema kwa ukali. "Unajua jinsi ninavyouhitaji ule wavu. Unakiona kichanja changu."

"Nitamwomba radhi kama sauti ilipanda, mama. Lakini kuandika jina lake, hapana."

"Ottilia!"

"Jina siandiki, mama. Hata unichape."

Mama hakumchapa, ila alizirudia mboga zake, akizichambua kwa hasira.

Kesho yake Ottilia aliingia ofisini kwa Mwalimu Aurelia, akaweka mezani kalamu na orodha ya washindani. "Mwalimu, mimi pia nina ndugu. Namba ziandike wewe. Siku ya mashindano mimi nitachota maji tu, na namba za sahani nisizijue." Kisha akaeleza habari ya wavu. Mwalimu akasema tuzo itakuwa cheti cha karatasi ya manila kama hakuna kingine.

"Na majaji je?"

"Nitawapata," alisema Ottilia, ingawa hakujua atawapata wapi.

Aliwapata siku ya gulio. Wanawake wa milimani walikuwa wameshuka kununua usipa wa kwenda kuuza. Ottilia alimfuata mmoja aliyekuwa akigombana na muuzaji, mwanamke mrefu aitwaye Herieth, mwenye genge Kitai kando ya barabara.

"Shikamoo, mama. Una ndugu hapa Lituhi?"

"Marahaba. Ndugu? Nina watu wanaoniuzia mchanga tu! Wateja wananirudishia usipa kila wiki. Kwa nini?"

Ottilia alimweleza. Herieth aliwaita wenzake wawili, wakulima wa kahawa kutoka Kitura, nao wakasikiliza.

"Tutasema kweli," alisema Herieth. "Mtaivumilia?"

"Mimi nitaivumilia," alijibu Ottilia. "Wengine watajua wenyewe."

Wote watatu wakajaza fomu, na kwenye swali la ndugu wakaandika: sina.

Gulio lililofuata, sahani kumi na nne zilipangwa uwanjani shuleni, na akina mama wote walikuja, wavu uwepo usiwepo. Watu walidhani majaji watatazama rangi na kunusa. Wapi! Walitafuna, polepole, macho wameyafumba, wakisikiliza mchanga kwenye meno. Kila baada ya sahani walisukutua kwa maji aliyochota Ottilia, wakatema na kuandika.

"Namba nne," Herieth alitangaza, "wamekauka vizuri, lakini nimetafuna ufukwe mzima."

Watu waliangua kicheko. Mwalimu alisoma jina, nalo lilikuwa la mama yake Ottilia. Mama aliinamisha kichwa. Ottilia alitamani kulia, lakini alikaza shingo na kubaki wima kando ya ndoo yake.

Mshindi alikuwa namba tisa. Majaji wote watatu walimpa alama za juu. Mwalimu aliposoma jina, uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Alikuwa Notburga, mke wa Wendelin.

Wendelin, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa akijifanya anapita, alisogea mbele akitabasamu. Mke wake alimnyooshea kidole.

"Kaa hapohapo, baba Hyasinti! Ungekuwa umekalia kile kiti cha majaji, leo wangesema nimepewa na mume wangu. Na mimi ningeishi na maneno hayo mpaka nazeeka. Nenda kalete wavu wa watu."

Wendelin alikwenda, akarudi nao begani. Notburga alimshika Ottilia mkono mbele ya wote.

"Sikilizeni, watoto. Huyu alimkatalia baba yake mdogo, akajikatalia na mwenyewe, na mama yake amekosa tuzo. Kusema kweli kwa watu wa mbali ni rahisi. Kazi ni kuisema nyumbani kwako, na kuanza na wewe mwenyewe. Yeye ameiweza, ndiyo maana ushindi wangu ni wangu."

Wendelin alitua bunda chini, akamtazama Ottilia kwa jicho la pembeni. "Na mwakani je, katibu? Utaniruhusu?"

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Ottilia. "Mwakani nitakuletea fomu."