R ya Githae

Duka la kompyuta mjini Thika lilifurika watu Jumamosi ile ya Januari 1999, na Ciku alimdharau kila mmoja wao. Kwanza muuzaji, na tai yake yenye picha ya kasuku.

"Madam, programu ya watoto ndiyo hii. Kila kompyuta inanunuliwa yake."

"Nina kompyuta mbili za wafadhili na watoto arubaini wa chekechea. Niuze watoto wangapi ndio uridhike?"

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la drafti limefuliwa mpaka likasahau rangi.

"Usinunue, mwarimu. Kuna mfumo wa kompyuta unaitwa Linux. Ni ya bure, na michezo ya watoto iko."

Ciku alimkagua kuanzia viatu. "Mwa-li-mu. Kuna herufi inaitwa L. Nayo pia ni ya bure."

"Basi nigawie," akajibu yule kijana bila haya.

Alikuwa Githae, fundi wa kompyuta, mtu wa Kalimoni. Ciku alikuwa na diploma ya ualimu na ulimi alioutia makali chuoni. Machifu na wahubiri walikuwa wameonja makali hayo.

Jioni baada ya jioni Githae alifika shuleni kwa Ciku, Kimbo, na sidii iliyotolewa bure na gazeti la kompyuta. Kioo cha kompyuta kilijaa maneno meupe juu ya weusi.

"Hii ndiyo michezo?" Ciku alikunja pua. "Naona risiti."

"Ngoja, mrembo."

"Hilo umelitamka vizuri. Umefanya mazoezi?"

"Wiki mzima."

"Nzima."

Lakini alitabasamu. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akisikilizia nyayo zake mlangoni, udhaifu aliokuwa akiudharau sana kwa wanawake wengine.

Walipata mchezo wa kuhesabu na wa kupanga picha. Wa herufi haukuwamo, na mwenye shule alishasema kwamba bila herufi mashine zitahamia ofisini. Githae akaahidi kutafuta.

Alhamisi simu ya ofisi ikalia. Mwalimu Nekoye akampa Ciku mkono wa simu, kisha akabaki papo hapo kusikiliza.

"Ciku wangu! Nimepata mahari!"

Ciku akamgeuzia Nekoye mgongo. "Umepata... nini?"

"Mahari! Nimetafuta mpaka Nairobi. Jumamosi nakuletea kila kitu!"

"Lakini hata hujaniuliza!"

"Nikuulize nini, na ni wewe unahitaji?" Akacheka, laini ikakatika.

Kufikia chai ya saa nne, hata mpishi alikuwa akipiga vigelegele. Jumamosi Ciku alivaa gauni la mahameli, nywele zimetengenezwa upya. Walimu wanne walikuja "kusahihisha madaftari".

Githae aliingia peke yake, na shati lile lile, sidii mkononi.

"Nimepata mahari pazuri sana! Kompyuta ya chuo fulani Nairobi. Imejaa michezo ya watoto, unajichotea tu!"

Pazuri. Ciku alihisi damu ikimpanda usoni. Nyuma yake Nekoye akakohoa kikohozi kilichojaa kicheko.

"Mahali!" Ciku akafoka. "Sema mahali, mshamba wewe! Mtu asiyetenganisha R na L atawafundisha watoto wangu nini? Ulimi kama jembe!"

Githae alilitazama gauni, akawatazama walimu wanne, akalitazama gauni tena. Akaiweka sidii mezani pamoja na karatasi.

"Maagizo nimeandika," akasema, akaenda.

Jumatatu Ciku aliisoma karatasi ile akitafuta makosa. Hakuna R wala L iliyopotea njia. Neno "mahali" lilitokea mara sita, na mara zote sita lilikuwa sahihi. Mwisho Githae alikuwa ameandika: "Mchezo wa herufi huzungumza Kiingereza. Kwa kuwa programu hii ni huru, sauti zinabadilishwa. Nimeacha nafasi ishirini na nne za sauti ya Mwalimu Ciku. Yangu isitumike, itawapotosha watoto."

Kumbe aliijua kasoro ya ulimi wake siku zote. Ciku akajidharau, na katika kazi ya kudharau hakuwa mwanagenzi.

Alimkuta Thika, katika duka lile lile, amelala chini ya meza katikati ya nyaya, wateja wamemzunguka.

"Githae. Nilikutukana mbele ya watu. Nimekuja kuomba msamaha mbele ya watu."

"Hukutukana. Ulisahihisha."

"Nilisikia mahari. Nikafurahi. Nikavaa gauni."

Githae akatoka chini ya meza, vumbi kichwani. "Ulifurahi?"

"Mimi husahihisha, sirudii."

"Sasa, mpenzi, nikienda na wazee kwa baba yako kule Ngoliba, na hili jembe langu? Nikisema nimeleta mahali, si atadhani nimemletea shamba?"

Wateja wakaangua kicheko. Ciku, kwa mara ya kwanza, akainamisha macho.

"Baba mwenyewe husema hivyo hivyo," akakiri. "Nyinyi mtaelewana vizuri sana. Ni mimi nitakayeumia."