Amenilaza Kila Mahali Isipokuwa Kwao

"Chagua," Austine alisema, akinisukumia simu. "Hema juu ya mwamba, ama behewa la treni lililogeuzwa chumba?"

Tulikuwa kwake, mtaa wa Raila hapa Nairobi, tukinywa chai. Austine ni fundi wa mawe, na ugonjwa wake ni nyumba za ajabu. Kila Disemba, miaka mitatu sasa, hunichagulia moja ya kukodi likizo: nyumba juu ya mti Kakamega, kibanda cha nyasi Naivasha, na mwaka jana nyumba ya mawe Homa Bay. Huko alinionyesha paa la kwao ng'ambo ya bonde, kisha akafunga pazia.

"Behewa ni poa," nilisema. "Lakini hii Disemba nataka kulala kwenu."

Akaweka kikombe chini.

"Kageha, wacha hiyo story."

"Unanionea aibu, ama kuna bibi huko?"

"Bibi gani? Bibi ni wewe!"

"Basi nipeleke. Ukikataa, hiyo behewa ulale peke yako. Mimi na wewe tumeisha."

Nikarudi kwangu Kambi Muru nikilia njia nzima. Nilimpenda sana, na hiyo ndiyo iliniuma.

Asubuhi ujumbe ukaingia:

"Ukweli ni sina simba, ile nyumba ya kijana. Kwetu Waluo, kijana hawezi lala na bibi kwa nyumba ya mamake. Lazima ajenge yake hapo kwa boma. Nimejengea watu Nairobi nzima, kwetu sina hata ukuta. Nilishindwa kukuambia."

Nikampigia mara moja.

"Austine, wewe ni mjinga! Hata kwetu Vihiga vijana hujenga. Si ungesema?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, halafu ningekubebea maji ya kukanda tope."

Akakata simu. Wiki tatu sikumsikia, na jirani yake akaniambia amesafiri. Nikajua nimeachwa.

Kisha ikaja picha: kijumba cha udongo, mabati mapya, kuta bado mbichi. Chini ameandika:

"Chumba kimoja. Stima hakuna, choo iko nje. Dirishani unaona ziwa. Kuna nafasi ya mtu mmoja, na si mgeni. Utakuja?"

Nikaandika:

"Usimalize kukandika. Niachie ukuta mmoja."

Nilipofika, mamake alinikumbatia, akanipa ndoo ya tope hata kabla ya chai. Ukuta wa dirishani ni wangu. Umepinda kidogo, na fundi wangu amekataa kuurekebisha.