Anayeita Kwenye Kona

Mara ya kwanza kukiona kile kibanda cha mabati, Gakenia alikipenda. Kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu, kimeinama kuelekea bondeni, na mbele yake palikuwa na mafungu ya parachichi bila muuzaji. Alimwomba mumewe apunguze mwendo, akapiga picha. Mara ya pili alijiambia ni kibanda kingine. Mara ya tatu aliliona lile parachichi lililopasuka upande, nzi watatu juu yake, na akanyamaza ili asimtie mtoto hofu.

Walikuwa safarini tangu jana. Usiku walilala Kiboko kwa binamu ya Kisilu, asubuhi wakampeleka mtoto kuona tumbili kando ya mto, kisha wakapitia Emali na Wote, wakanunua machungwa Mukuyuni na kuanza kupanda milima ya Mbooni. Ilikuwa likizo ya Agosti. Gakenia, mzaliwa wa Nyeri, hakuwa amewahi kumwona mama mkwe wake. Kisilu naye hakuwa amekanyaga kwao kwa miaka kumi na mmoja, tangu alipokosana na babake, Nthiwa, kwa sababu ya shamba. Mzee alikufa, akazikwa, na Kisilu hakwenda. Alimtumia mama pesa na ujumbe mfupi wenye habari za mkewe na mtoto, lakini kupiga simu alishindwa. Alisema akisikia tu ile sauti atalia.

Leo sauti ile ilikuwa inampigia yeye. Ilianza mara tu ukungu uliposhuka, yapata saa tisa alasiri.

"Mmepita, mtoto wangu," ilisema kutoka kwenye simu iliyowekwa juu ya dashibodi. "Geuza gari. Rudi kwa hiyo kona."

"Sawa, Mama," Kisilu alijibu, macho yamemlowa. Akageuza.

Wakateremka. Wakapanda. Kona, mti wa mkalitusi, kibanda cha buluu.

"Kisilu," Gakenia alisema polepole, "hapa tumepita mara ngapi?"

"Ni ukungu. Hii milima inachanganya mtu."

"Wewe umezaliwa hapa."

Gakenia alijaribu kusikiliza kilichokuwa nyuma ya sauti ya yule mama: kuku, sufuria, mtu akipita akisalimia, chochote ambacho husikika mtu akipiga simu kutoka bomani kwake. Hakukuwa na kitu. Ila sasa ndani ya gari kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa ukiwa na maji, udongo wa chini kabisa usioona jua, na harufu hiyo ilitoka kwenye matundu ya hewa.

"Mmechoka," sauti ilisema. "Simamisha gari. Hapo kando kuna njia ya mkato. Mshushe huyo mdogo nimshike mkono, tutembee na yeye. Nyinyi zungukeni na gari, mtatupata nyumbani."

Kisilu alisimamisha gari. Kando ya kibanda, pale ambapo mara tatu palikuwa na majani matupu, sasa palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa ikang'aa, na hatua kama kumi ndani ya ukungu alisimama mwanamke mwenye leso kichwani na kikapu cha kiondo mgongoni. Aliwapa mgongo.

"Ni Mwaitu," Kisilu alinong'ona. Mama yangu, kwa Kikamba. Akanyoosha mkono kufungua mlango wa nyuma.

"Usifungue!"

"Gakenia, huyo ni mamangu! Nimemnyima mimi mwenyewe miaka hii yote. Leo nimnyime hata mjukuu wake?"

"Mbona hageuki?"

Mtoto alikuwa ameshafungua mkanda. Gakenia alipenyeza mwili katikati ya viti, akamshika gauni, na alipokuwa ameinama hivyo uso wake ukawa karibu kabisa na simu. Ndipo alipoona kwamba kioo chake kilikuwa cheusi, na akakumbuka kwamba simu ile ilizima mjini Wote, kwamba yeye mwenyewe alimsikia Kisilu akilalamika kwamba betri imekwisha na waya wamesahau Kiboko, na kwamba tangu ukungu uanze wamekuwa wakitii kitu kinachosema kutoka ndani ya simu iliyokufa, wakigeuza kinaposema geuza, wakisimama kinaposema simama, na sasa kilichobaki ni mlango mmoja tu na kitasa chake.

Hofu ilimshika hadi meno. Lakini akauliza.

"Mama, huyu mjukuu wako anaitwa nani?"

Kimya.

"Muite. Muite kwa jina lake, aje."

Kisha simu ikajibu, na sauti haikuwa tena ya mama mzee. Ilikuwa ya Gakenia mwenyewe, na kule kutetemeka kwake pia.

"Muite. Muite kwa jina lake, aje. Muite. Muite kwa jina lake."

Kisilu alibonyeza kitufe, milango yote ikajifunga. Akawasha gari, likakohoa, likazima. Akawasha tena. Nje, yule mwanamke alianza kuja kinyumenyume, bila haraka, kiondo kikitangulia, visigino vikitangulia, na kadiri alivyokaribia vioo vilizidi kufunga ukungu kwa ndani, hadi hawakuona tena chochote, wakabaki kusikia tu kiondo kikisugua ubavu wa gari, kikizunguka, kikisimama kila mlango, na kitasa kikijaribiwa taratibu kama mgeni mwenye adabu.

Ndipo wakasikia mtu akiita kutoka juu ya mlima.

"Kisilu! Kisilu wa Nthiwa! Gakenia! Wanjiro! Wanjiro wangu!"

Kusugua kukakoma. Gari likawaka. Kisilu alifuta kioo kwa mkono, na mbele ya taa akamwona mama mfupi mwenye viatu vya mpira, akihema, fimbo mkononi, uso wake ukiwatazama. Alifungua milango, mtoto Wanjiro akamkimbilia bibi yake, na safari hii Gakenia hakumzuia.

Boma lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale.

Jikoni, moto ukiwaka, mama yake Kisilu, Mama Kalunde, aliwapa chai na hakuuliza walichokiona. Mwishowe Gakenia alishindwa kuvumilia.

"Mama, ulijuaje tuko pale kwa kona?"

"Niliitwa."

"Na nani?"

Mama alimtazama mwanawe. "Na wewe. Wanakanisa wanasema ni jini, wazee wanasema ni aimu, roho za zamani. Mimi sijui. Mwaka ule ulienda, ilianza kuniita na sauti yako, ikisema: Mama, niko hapa kwa kona, kuja unichukue. Sauti ya mtu inaiba vizuri. Jina ndio haiwezi, haikuwahi kusema mimi ni Kisilu. Kwa hivyo nilijua sio wewe."

"Na ukaenda?" Kisilu aliuliza.

"Kila mara. Nilikuwa nafika kwa kibanda nasimama, nasikiliza, narudi. Ningefanya nini? Wewe hukuwa unapiga simu. Hiyo ndio sauti yako nilikuwa nayo." Alisukuma kuni ndani ya mafiga. "Leo nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeamua sitarudi, nitaifuata tu hiyo njia. Kufika hapo naona taa za gari, nasikia mtu akitaja jina Gakenia, nikajua ni nyinyi."

Kisilu aliweka kikombe chini.

Nje, kutoka upande wa kona, sauti ya mwanamume ikaita, changa kidogo, ya kijana wa miaka ishirini na tano, umri wa Kisilu alipoondoka.

"Mama! Niko hapa! Kuja unichukue!"

Mama Kalunde aliinuka nusu, kwa mazoea, mkono wake ukitafuta fimbo. Kisilu aliudaka mkono ule, akapiga magoti kwenye majivu, akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Mwaitu, keti," alisema akilia. "Ni mimi Kisilu. Mimi ndio niko hapa."

Kule nje iliendelea kuita. Mama alisimama vile vile, nusu ameinuka, akimtazama mwanawe chini kisha akiutazama mlango, na ilichukua muda mrefu sana kabla ya kuketi.