Kijiko Kisimame Chenyewe

Watu wote wa nyumbani kwao walimwita Kiherehere, naye aliitika bila kununa, maana jina lilimkaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Akianza kufagia, aliuacha ufagio katikati ya chumba akaenda kutazama kama nguo zimekauka. Akifika kwenye kamba ya nguo, ndipo alipoukumbuka ufagio.

Jumamosi hiyo, saa moja asubuhi, alikuwa jikoni akimwangalia mama yake akifunga mtindi. Mama alikuwa mpishi wa saladi katika mkahawa ulio karibu na kituo cha mabasi, na sosi yake nyeupe, nzito, ndiyo iliyowafanya hata madereva wa malori wale majani. Alimimina mtindi wa nusu jagi katika kitambaa cheupe kilichochemshwa, akazikusanya pembe zote nne, akazifunga kwa uzi na kulitundika furushi lile kwenye komeo la dirisha, juu ya bakuli. Maji yakaanza kudondoka, tone moja, kisha kimya, kisha tone jingine.

Sosi ya leo haikuwa ya wateja. Ilikuwa ya Babu, baba yake mama, aliyetoka hospitali siku tano zilizopita baada ya kuugua tumbo. Tangu arudi, kazi yake ilikuwa kunywa maji na kugeukia ukutani. Uji aliukataa, akasema ni chakula cha vibogoyo, na yeye amepungukiwa meno mawili tu. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ale chochote anachotaka mradi kiwe safi, na asipoanza kula kufikia Jumatatu atarudishwa wodini. Jana jioni ndipo Babu alipotaja kitu anachokitamani: matango na majani ya saladi, yenye ile sosi aliyowahi kula mkahawani kwa binti yake.

"Saa saba, si kabla, ufungue kitambaa," Mama alisema huku akivaa viatu. "Chomeka kijiko katikati. Kikisimama chenyewe, uchanganye. Kikilala, ufunge tena na usubiri. Na usikamue. Kitambaa hakikamuliwi."

Viungo vingine alikwisha kuviweka mezani: vijiko viwili vya mayonezi ya dukani, ndimu, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi na giligilani. Akamwagiza binti yake anawe mikono kabla ya kugusa chochote, akaondoka kwenda kazini.

Kiherehere alisubiri. Angalau yeye aliona kwamba anasubiri. Alikata matango, akaosha majani, akayaweka kwenye friji. Alitwanga kitunguu saumu. Akatazama saa, ilikuwa saa mbili na robo. Alikwenda chumbani kumchungulia Babu, akamkuta ameelekea ukuta, mabega yametokeza kama ya hanga la kutundikia mashati. Moyo ukamuuma. Akarudi jikoni akayahesabu matone, akafika arobaini, akapoteza hesabu. Ilipotimia saa nne hakuweza tena. Alijiambia kwamba kukamua kidogo tu hakuwezi kudhuru, na Babu atakula mapema zaidi.

Alilishika furushi kwa mikono miwili, akaminya. Maji yakatoka mengi, akafurahi. Akaminya tena kwa nguvu zaidi. Mtindi ukaanza kupenya kwenye kitambaa, mikono ikateleza, uzi ukafyatuka, na furushi zima likaanguka sakafuni, pale pale ambapo kila mtu alipita na malapa kutoka uani.

Kabla hajafikiri, alichukua kijiko akauzoa mtindi, akatoa unywele mmoja na chembe za mchanga alizoziona, akautia kwenye bakuli. Ulikuwa mwepesi, hata hakujaribu kusimamisha kijiko. Akaongeza mayonezi, ndimu na giligilani, na kitunguu saumu akaweka punje tatu badala ya moja, ili kifunike mambo. Akapiga deki sakafu. Aliogopa, lakini mikono yake haikuacha kufanya kazi.

Alipoingia chumbani na sahani, Babu aligeuka. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Akavuta pumzi mara mbili.

"Kinanukia nini hicho?" aliuliza. "Niinue."

Kiherehere akamwinua na kumwekea mto mgongoni. Mzee aliishika sahani, akachukua kipande cha tango, akakichovya kwenye sosi. Mkono wake ulikuwa mwembamba, na ulipanda taratibu kuelekea mdomoni. Siku tano alikuwa hajatia chakula kinywani, na sasa alikuwa na hamu ya kula. Kiherehere alitaka sana ale. Alitaka kunyamaza mpaka kipande kile kimezwe na mambo yaishe.

"Babu, usile," alisema.

Mkono ukasimama njiani.

"Iliniangukia sakafuni. Nikaizoa. Nilikamua kitambaa, na Mama alinikataza."

Machozi yalimtoka yote kwa pamoja. Babu alikitazama kile kipande cha tango kwa muda mrefu, kwa majonzi ya kweli, kisha akakirudisha sahanini.

"Mtindi mwingine upo?" aliuliza.

Ulikuwepo. Nusu iliyobaki ya jagi ilikuwa kwenye friji.

"Basi anza upya. Na hiyo kaimwage, njaa isije ikanidanganya."

Aliimwaga. Akakichemsha kitambaa, akakiacha kipoe, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Safari hii alifunga uzi mafundo mawili. Saa tano na nusu, tone la kwanza likaanguka kwenye bakuli.

Saa sita Babu alikohoa mlangoni. Alikuwa amefika kwa fimbo, huku akishika kuta, na akadai kiti. Aliuliza kama tayari, akaambiwa bado. Baada ya dakika tano akauliza tena. Mara ya nne Kiherehere alimwambia kwamba haraka haraka haina baraka.

"Methali hiyo niliambiwa na mama yangu," Babu alisema, "na bado nilikuwa nafukua mbegu za mahindi kila asubuhi nitazame kama zimeota. Hatukuvuna hata gunzi. Kiherehere chako hukukiokota njiani, mjukuu wangu."

Mama aliporudi saa kumi na moja na nusu aliwakuta wote wawili wamekaa mbele ya dirisha wakilitazama furushi. Kiherehere hakungoja kuulizwa. Alieleza yote, pamoja na zile punje tatu za kitunguu saumu. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kisha akakaa.

"Kuangusha kitu si ajabu," alisema. "Mimi mpishi, naangusha kila wiki. Lakini angekula akaugua usiku, daktari angeniuliza kala nini, nami ningeapa kwamba kala kitu safi. Wangemtibu ugonjwa usiokuwepo. Uchafu unaoujua ukaunyamazia ndio unaoua mtu, mwanangu. Leo ulichelewa kusema, ila ulisema kabla hajameza. Siku nyingine usingoje mpaka tango lifike mdomoni."

Kiherehere aliinamisha kichwa, akaahidi.

"Haya," Mama alisema, "kifungue."

Alikishusha kitambaa mezani, akakifungua pembe moja baada ya nyingine. Mtindi ulikuwa mweupe na mzito. Akachomeka kijiko katikati, akakiachia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake ikatulia. Kijiko kilisimama.

Babu alikula matango yote. Akafuta sahani kwa jani la mwisho la saladi, akasema chumvi imepungua, akaomba nyingine.